Mwaka Ambao Shangazi Hakuonja

Mimi ni mtu wa kushuku. Watoto wangu hunitania kwamba hata maji ya bomba nayauliza yametoka wapi, na mkwe wangu wa Dar es Salaam aliwahi kusema, akidhani sisikii, kwamba kula kwangu ni raha lakini kunikaribisha kwake ni mtihani. Sikatai. Desemba hii tulikuja likizo ya familia, na tulipofika Bukoba mjini vijana wakakimbilia duka la vinywaji kutafuta divai nyekundu za kwetu za kurudi nazo makwao. Mimi nilisimama mlangoni, mkoba kifuani. Chupa zilikuwa zimevishwa lebo za dhahabu, nyingine za ndizi, nyingine za rozela, lile ua jekundu lenye uchachu ambalo kwingine huitwa choya. Binti muuzaji aliponiona nimenuna akanifungulia moja, akanimiminia kwenye kikombe kidogo cha plastiki na kuninyooshea kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Kunywa wewe kwanza, mwanangu." Akacheka, akanywa. Vijana waliinamisha vichwa kwa aibu, na kijana wangu mkubwa akamwomba radhi yule binti kwa niaba yangu, kama vile mimi ni mgonjwa. Tabia hiyo sikuzaliwa nayo. Niliipata mwaka mmoja, kijijini Buganguzi, nikiwa msichana wa miaka kumi na minane, na Desemba hii tulikuwa tunarudi kwenye nyumba ileile. Shangazi yangu Leokadia alifariki mwezi wa nane, na chupa za mwisho za divai yake zilikuwa bado stoo, zinasubiri wenyewe tuzigawane.

Kwetu anayempa mtu kinywaji huonja kwanza yeye, mbele ya macho ya mgeni. Iwe rubisi ya ndizi ndani ya kibuyu, iwe divai ndani ya chupa, mwenyeji humimina kidogo, hunywa, hujipangusa mdomo, ndipo humpa mgeni wake. Nadhani hapo zamani ilikuwa ni kumwonyesha mgeni kwamba hakuna sumu, lakini nilipokuwa mdogo hakuna aliyefikiria sumu wakati wa kuonja, kama vile anayekuamkia shikamoo hafikirii kabisa kuishika miguu yako. Ulikuwa ukarimu tu. Shangazi alifanya hivyo vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Divai alijifunza kwa masista wa misheni alipokuwa msichana wa jikoni kwao, na alipoolewa Buganguzi akaendelea nayo, ya rozela iliyochanganywa na maji ya ndizi mbivu, nyekundu hadi inakaribia weusi. Mumewe, Ta Wilbard, alikuwa na ndugu waliofanya kazi Mwanza na Arusha na Dar es Salaam, na kila Krismasi walirudi na familia zao zote. Siku moja kabla ya kuondoka walikusanyika sebuleni kuchagua divai ya kwenda nayo. Shangazi alipanga chupa juu ya majani ya mgomba, nyepesi huku, nzito kule, akafungua moja ya kila dumu, akaonja, akawapa. Walibishana kuanzia asubuhi hadi mchana. Huyu anasema hii inakwaruza koo, yule anasema hiyo ndiyo ya kula na nyama, na wote walikuwa makarani na walimu ambao divai nyingine waliijua ya kanisani tu, nayo ilinywewa na padri.

Nitaruka habari za nani alimzaa nani, maana kwetu ukizianza unafika Pasaka. Inatosha kusema kwamba Ta Wilbard hakujaliwa mtoto na shangazi, na kwamba Krismasi iliyotangulia mwaka ninaousimulia, katika chakula cha jioni cha kuamkia siku ya kuchagua, alikunywa glasi ya divai kutoka mkononi mwa mkewe kama alivyokunywa miaka yote. Asubuhi tumbo likamkamata. Walimpeleka hospitali ya misheni juu ya machela, na kesho yake akafa. Madaktari walisema utumbo ulikuwa umejisokota. Nilimsikia tabibu mwenyewe akimwambia baba yangu, kwa Kiswahili kilichonyooka, huku akizungusha vidole kumwonyesha. Lakini maneno hayo, ingawa baba aliyarudia, hayakushika Buganguzi. Yaliyoshika ni kwamba alikunywa divai ya mkewe, akafa.

Siku ya kuondoa matanga nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, nimejibanza nyuma ya shangazi. Ta Projestus, mdogo wake marehemu, mwenye kazi ya ofisi Mwanza, alitoka ndani akiwa ameshika chupa. Ta ni baba, na ndivyo tunavyomwita mwanamume mzima kwa heshima, hata pale ambapo heshima imetushinda. Akaiweka ile chupa mbele ya shangazi, juu ya nyasi zilizotandazwa sakafuni kwa ajili ya Krismasi na ambazo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuziondoa.

"Shemeji, hii ndiyo aliyokunywa kaka. Imebaki nusu. Onja tuone."

"Tuone nini, shemeji?"

"Wewe onja tu."

Shangazi aliinua uso, akamtazama. Hakulia wala hakupaza sauti. "Tangu niolewe hapa nimekuonjea kila mwaka kwa sababu wewe ni mgeni wangu. Leo unaniambia nionje kwa sababu mimi ni mchawi. Basi sionji. Na sitaonja tena kitu chochote ninachompa mtu wa nyumba hii."

Ta Projestus akaichukua chupa, akaenda kuimwaga nyuma ya choo, akarudi akisema, "Mmeona wenyewe." Na kweli wote walikuwa wameona. Mwaka ule hakuna aliyechagua divai. Magari yaliondoka matupu, na baba yangu akaniacha nikae na dada yake hadi mwaka uishe, maana mjane hakai peke yake, na mimi nilikuwa nasubiri matokeo ya kidato cha nne ambayo yalipokuja hayakunifikisha popote.

Nataka nikiri jambo ambalo sijalionea aibu hata leo: nilimwogopa. Chumba changu kilipakana na stoo ya divai, na ukutani nilikuwa nasikia madumu yakitoa mapovu kupitia mipira aliyoichomeka kwenye vifuniko, bluku, kimya, bluku, kama mtu anayemeza. Ufunguo wa stoo aliuvaa shingoni pamoja na msalaba. Kuna siku nilimwona anatoa unga kutoka kwenye kikaratasi, anaupima kwenye ncha ya kisu, anauchanganya na maji ya uvuguvugu na kuufunika kwa leso, akinigeuzia mgongo. Nikasubiri atoke kwenda shambani, nikaiba kidogo, nikauchanganya na pumba nikampa kuku mmoja mweusi. Nilimfuata yule kuku siku nzima kibanjani, kwenye shamba linalozunguka nyumba, chini ya migomba na mibuni, nikisubiri aanguke. Hakuanguka. Juma lile akaanza kutaga. Ilikuwa hamira, na shangazi alipoambiwa alicheka hadi akakaa chini, mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. Baada ya hapo alinifundisha kila kitu mwenyewe, ufunguo akanipa, na bado nilipokula kwake nilisubiri yeye ameze kwanza.

Maana nilikuwa nakula majiko mawili. Mama mkwe wake, mama mzazi wa marehemu, alikaa nyumba ndogo ng'ambo ya uwanja, na tangu msiba alikuwa amechukua mafiga yake na chungu chake akajipikia. Sisi tulimwita Bibi, shangazi alimwita Mae, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kihaya. Miaka yote kabla ya hapo walikuwa wakila sahani moja. Sasa moshi ulipanda huku na kule, ebitoke, ndizi zetu za kupika, zikachemka huku na kule, na mimi katikati na bakuli. Bibi aliniita kila mchana, "Adventina, bojo, njoo ule chakula cha watu," bojo likiwa neno letu la kubembeleza, na akisisitiza neno watu ili lisikike upande wa pili. Shangazi hakuwahi kunikataza. Nikala kwa Bibi kwanza na kwa shangazi baadaye, na nilikuwa na sababu yangu: nikifa, ijulikane nimefia wapi. Leo najicheka, lakini kwa akili ya umri ule niliona nimepanga mambo vizuri sana.

Jambo la ajabu ni kwamba aliendelea kutengeneza divai. Nilimwuliza ni ya nani, maana pale kijijini hakuna aliyeigusa tena, hata walevi waliojulikana walipita njia ya chini kukwepa mlango wetu. Alisema ni ya Desemba. Tulikwenda Bukoba pamoja kununua chupa tupu kwa Mzee Salim, Mwislamu wa pale mjini ambaye babu yake alitoka pwani, mwenye duka lililojaa chupa za kila namna alizoziosha mwenyewe kwa mchanga na limau. Habari za kwetu zilikuwa zimeshamfikia. Alituandalia chai, akamtania shangazi kwa upole, "Mama Leokadia, katika watu wote wanaokufahamu mimi ndiye peke yangu nisiyeogopa divai yako, kwa sababu siinywi." Shangazi alitabasamu. Mzee akamimina chai, akaonja kikombe cha kwanza yeye mwenyewe bila kufikiri, maana aliishi kwetu miaka mingi na mkono wake ulishazoea, kisha akampa. Nilimwona shangazi akikitazama kile kikombe kwa namna ambayo ilinifanya nitazame kwingine. Njiani kurudi, karibu na Kemondo, alisema tu kwamba chai ilikuwa nzuri.

Ta Projestus alikuja Pasaka, peke yake, siku mbili. Nilikuwa nyuma ya nyumba ya Bibi nachambua maharage, mgongo ukutani, na ukuta ule wa udongo haukuficha neno. "Mae, hili jambo haliwezi kubaki hivi," alisema. "Desemba tutakuwepo wote. Apange chupa zake kama kawaida, na aonje mbele ya watu. Akikataa tena, arudi kwao. Kibanja ni cha Wilbard, na Wilbard hakuacha mtoto." Nilingoja Bibi ajibu. Nikasikia anachochea moto. "Nimesikia," alisema. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na mimi ninayeshuku kila kitu niliamua palepale kwamba amesema ndiyo. Nikaacha maharage chini, nikakimbia kumwambia shangazi.

Alikuwa anakata ndizi. Hakusimamisha kisu. "Nilijua," alisema.

"Sasa si uonje tu, shangazi, yaishe? Tone moja tu. Wewe mwenyewe unajua haina kitu."

"Ninajua. Na wao wanajua."

"Sasa?"

"Sikiliza, bojo. Nikionja kwa kuamriwa, basi miaka yote ile nilikuwa sikaribishi watu, nilikuwa najitetea. Nitakuwa nimejitetea kila Krismasi tangu niolewe bila kujua. Na baada ya divai itakuwa maharage, na baada ya maharage itakuwa maji. Nitaonja hadi nife, na siku nitakayosahau watasema mmeona wenyewe."

"Watakufukuza."

"Wanaweza."

Nilimkasirikia sana. Niliona ni kiburi, na kiburi kisicho na mahali pa kulala ni ujinga. Na kusema kweli nilijiuliza tena, kwa siri, jioni ile na nyingine nyingi baada yake, kama mtu asiye na la kuficha anaweza kushindwa kumeza tone moja la kitu alichokitengeneza mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya shaka. Unaifukuza mlangoni na jibu zuri, inarudi dirishani na swali lilelile.

Masika yakawa makubwa mwaka ule, na mwezi wa tano Bibi akashikwa na malaria. Hakuweza kuinuka kuwasha moto. Shangazi alipika ebitoke laini na maharage, akavuka uwanja kwenye mvua na bakuli chini ya kanga, akakaa sakafuni karibu na kitanda. Mimi nilisimama mlangoni. Bibi alilitazama bakuli, akasema, "Onja." Shangazi akasema, "Sionji, Mae. Ukitaka kula, kula. Usipotaka nitamtuma mtoto amwite Ma Odilia akupikie." Bibi akageukia ukutani. Nikamwita Ma Odilia, jirani yetu, akaja akapika siku ile na iliyofuata, akilalamika juu ya mvua na miguu yake, kisha akaacha kuja. Shangazi akavuka tena na bakuli. Akakaa palepale. Safari hii hakusema neno, na Bibi hakusema aonje. Aliinuka kwa kiwiko, akachukua tonge, akala, macho yake yakiwa juu ya uso wa mkwewe muda wote, tonge baada ya tonge. Nilisimama pale nikiwa nimeshika mlango, nasubiri afe. Alipomaliza akalirudisha bakuli na kusema, "Chumvi haikutosha."

Alikula mikononi mwa shangazi siku nne. Alioshwa, alinyweshwa dawa, alibebwa hadi chooni. Siku ya tano aliamka mapema, akakokota kuni, akawasha moto wake mwenyewe, akaweka chungu chake mwenyewe, na mchana akaniita kwa sauti ileile, "Adventina, njoo ule chakula cha watu." Nilitaka kulia kwa hasira. Shangazi alikuwa anaanika rozela uwanjani, akasikia, akaendelea kuanika. Mimi siku ile sikwenda. Nilikaa chini kando yake nikamwambia anipe divai nionje. Alikuwa ameniomba mara kadhaa huko nyuma, kwa kuwa yeye hata stoo, peke yake, alikuwa haonji. Alisema akionja ndani, kukataa kwake kule nje kutakuwa woga tu. Alipima kwa kunusa na kwa kuitazama kwenye mwanga, lakini alihitaji ulimi wa mtu, na nilikuwa nakataa kila mara kwa visingizio vya Kwaresima na tumbo. Akanimiminia kidogo kwenye kikombe cha bati. Ilinikamata pembeni mwa ulimi, chachu kwanza, kisha ule utamu wa mbali wa ndizi ukaja nyuma yake, kisha joto kifuani. Nikamwambia bado inakwaruza. Akatikisa kichwa, akasema ataiacha ikae zaidi. Tangu siku hiyo nikawa ulimi wake. Divai ile yote ya mwaka ule niliionja mimi, dumu baada ya dumu, na hadi leo sijapata nyingine ya kuifikia, na lebo za dhahabu zisinidanganye.

Desemba wakaja. Senene walikuwa wameanguka vizuri mwaka ule na kila nyumba ilinuka kikaango. Sangara walitoka Kemondo, nyasi mpya zikatandazwa sakafuni, watoto wa mjini wakajifunza upya kutembea bila viatu, na juu ya yote hayo watu walizungumza kwa sauti za chini na kunyamaza shangazi alipopita na sinia. Wanawake wenzake, wake za mashemeji, walipika naye jiko moja lakini hakuna aliyemwachia chungu peke yake. Niliwaona wakipokezana zamu. Siku moja kabla ya kuondoka sebule ikajaa. Shangazi alitandaza majani ya mgomba, akapanga chupa zake, nyepesi huku, nzito kule, akafungua moja ya kila dumu. Kisha akakaa juu ya nyasi, mikono mapajani.

"Shemeji," alisema Ta Projestus. "Onja."

"Divai ni hiyo," alisema shangazi. "Anayetaka achague. Asiyetaka aache. Kama ni kibanja, kibanja nacho ni hiki, nimekilima, hakijakimbia."

Hakuna aliyesogea. Ta Projestus aliwageukia ndugu zake akafungua mdomo, na nilijua anachotaka kusema, maana nilishakisikia Pasaka kupitia ukutani. Ndipo Bibi alipoinuka kwenye kiti chake cha pembeni, akiegemea fimbo. Alivuka nyasi polepole hadi mbele ya chupa.

"Adventina, nimiminie hiyo nyeusi."

Nilimtazama shangazi. Hakuniashiria chochote. Nikamimina kwenye kikombe cha bati, kidogo, kama cha kuonja.

"Jaza."

Nikajaza. Bibi akanywa. Hakuonja, alinywa, koo lake likipanda na kushuka, hadi aliposhusha kikombe kikiwa nusu. Akamgeukia mwanawe.

"Aliyekufa ni mtoto wangu. Nani kati yenu ana haki ya kuogopa kunishinda mimi?"

"Mae, hatukusema..."

"Mlisema. Na mimi nilinyamaza, nikapika peke yangu mwaka mzima. Nilipougua nimekula mikononi mwa huyu siku nne. Sikufa. Sikumwambia mtu kwa sababu niliona aibu." Akageuka, akainama kwa shida, akampa shangazi kile kikombe. "Haya, mwanangu. Mimi nimeshatangulia. Sasa wewe kunywa tu."

Shangazi alikipokea kwa mikono miwili. Alikunywa yote iliyobaki, ya kwanza kupita mdomoni mwake tangu siku ile ya matanga, kisha akaweka uso wake kwenye magoti ya yule mama mzee na kulia kwa sauti kama mtoto. Mimi pia nililia, na sioni haya kusema. Baada ya hapo watu wakaanza kuchagua, kwanza kwa woga, kisha kwa kubishana kama zamani. Ta Projestus alikuwa wa mwisho. Alichukua chupa ya ile nyeusi, akaizungushia gazeti, akaondoka nayo bila kuonja. Jioni ile moshi ulipanda kutoka jiko moja. Shangazi alikaa kwenye kibanja chake hadi mwezi wa nane uliopita, na tumemzika palepale, kati ya mumewe na Bibi.

Ile chupa niliiona tena. Nilipopata kazi Mwanza nilikwenda kumwamkia Ta Projestus, na ilikuwa kabatini, nyuma ya vikombe vya harusi, gazeti lake limeanza kugeuka njano. Nilimwuliza kwa nini hainywi. Alisema anaiwekea siku yake. Kila nilipokwenda niliitazama, mwaka huu na ule, na kila mara nilijisemea kwamba hata baada ya mama yake kunywa mbele yake, mtu huyu bado anaogopa. Labda hilo ndilo lililonifundisha kushuku kuliko yote, kwamba shaka ya mtu inaweza kukaa kabatini miaka na miaka, imefungwa vizuri, na mwenyewe anakukaribisha chai.

Desemba hii amekuja. Mgongo umepinda na mjukuu wake ndiye aliyemwendesha. Vijana walizitoa chupa za mwisho za shangazi stoo, wakatandaza majani ya mgomba kama walivyosikia inafanywa, nyepesi huku, nzito kule, wakiwa wamesukuma pembeni zile walizonunua dukani. Kisha kijana wangu mkubwa akasema, kwa utani, "Sasa nani anaonja kwanza? Mwenye divai hayupo." Wote wakanigeukia mimi na sifa zangu. Ndipo Ta Projestus alipovuta mfuko wake kutoka chini ya kiti na kutoa kitu kilichozungushiwa gazeti la njano.

"Hii nimeileta mimi," alisema. "Anayetoa ni mimi."

Kizibo kilivunjika vipande wakati mjukuu anakivuta. Mzee alidai kikombe cha bati, na tukakipata jikoni. Akamimina mwenyewe, akanywa mbele yetu wote. Uso wake ukajikunja wote. Akajipangusa mdomo kwa kiganja.

"Imekuwa siki," alisema. Kisha akanitafuta kwa macho yake yaliyofifia. "Adventina. Wewe uliionja mwaka ule. Ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri sana, Ta."

"Mimi sikuijua," alisema, akaninyooshea kikombe.

Nilikipokea kwa mikono miwili, nikanywa hadi mwisho.